Ziwa Linapoacha Kuwa Barabara

Leo nawapeleka mbali, kaskazini kabisa mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye mji mdogo wa Bayfield ambao wakazi wake hawafiki hata mia sita. Ukisimama gatini pale mwezi wa Februari, katika mwaka wenye baridi ya kweli, utaona magari yanashuka ufukweni, yanaingia ziwani na kuendelea na safari zake. Daraja hakuna. Yanapita juu ya maji yaliyoganda, yakifuata mstari wa miti midogo iliyosimikwa, kiasi cha kilomita 4, mpaka kisiwa cha Madeline. Miti yenyewe ni ile ya Krismasi. Sikukuu ikishapita, watu huitoa majumbani ikasimikwe barafuni, ili hata theluji ikivuma na macho yasione mbele, dereva asipotee njia akaishia pabaya.

Mazungumzo yangu leo yanahusu majuma ambayo barabara hiyo hufa.

Kalenda inasema machipuko huanza Machi 20 au 21, usiku na mchana vinapolingana. Kalenda hiyo haikuandikwa Bayfield. Machi 21 pale bado mtu anavaa koti zito na buti, theluji imerundikana kando ya nyumba, na ziwa, kama mwaka ni mzuri, bado ni jeupe hadi upeo wa macho. Machipuko ya watu wa huko hayaletwi na tarehe, na kwa kweli hayaletwi hata na maua. Yanaletwa na ziwa. Siku ziwa likifunguka, ndipo mwaka unapoanza upya, na kabla ya siku hiyo kuna kipindi ambacho wenyeji wenyewe hawakipendi sana, ingawa wageni hudhani ni cha furaha.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Ni Superior, kubwa kuliko yote katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kujivunia Ziwa Victoria, na tuna haki, kwa kuwa ni la pili duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi. La kwanza ndilo hili. Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Superior lina zaidi ya 82,000. Lakini tofauti kubwa iko chini. Victoria, kwa ukubwa wake wote, lina kina kifupi, mita 80 na ushei pale penye kina zaidi. Superior hushuka hadi mita 406, na maji yake ni zaidi ya mara nne ya maji ya Victoria. Lundo la maji baridi la ukubwa huo halibadilishi hali yake upesi. Linachelewa kupoa, linachelewa kupata joto, na kila anayeishi kando yake anaishi kwa ratiba ya ziwa.

Sasa turudi kisiwani. Madeline kina urefu wa kilomita 22 hivi, na ndicho pekee chenye wakazi wa kudumu katika visiwa vinavyoitwa Apostle. Wakazi hao ni mia chache tu. Majira ya joto wageni humiminika kwa maelfu. Kijiji chake ni La Pointe. Pana shule ya watoto wadogo, na wakishakua kidogo inabidi wavuke kwenda kusoma Bayfield. Kila siku. Fikiria wewe ni mzazi, na kati ya kitanda cha mwanao na dawati lake kuna ziwa lenye kina, linalobadilika kila juma.

Wakati maji yamefunguka hakuna taabu: kivuko kinapakia magari na watu, na safari ni ya dakika ishirini na kitu. Wakati barafu imekomaa hakuna taabu pia, maana kila mtu ana gari lake na barabara ni bure. Taabu ni katikati. Barafu imelainika kiasi kwamba gari litazama, lakini bado ni nene kiasi kwamba kivuko hakipasui. Ziwa halijawa maji na si barabara tena. Hapo ndipo kinapotoka chombo cha ajabu ambacho watu wa huko wanakiona cha kawaida kabisa: sleji ya upepo. Ina bodi ya boti na kibanda cha kukalia abiria, na nyuma yake kuna mapangaboi makubwa kama ya ndege yanayoisukuma. Juu ya barafu inateleza; barafu ikivunjika, inaelea. Kelele zake zinasikika ng'ambo. Ndani yake wamekaa watoto wa shule na mabegi yao, bibi anayekwenda kwa daktari, fundi na kisanduku cha vifaa, na barua za posta. Ukihitaji kuleta jokofu jipya au mbao za kujengea, ngoja. Ukiwa mgonjwa, omba hali ya hewa iwe upande wako.

Kwa hiyo msikilizaji, ukisikia mtu wa kisiwani anauliza habari za machipuko, anauliza habari za usafiri. Anataka kujua barafu ya leo ni ya namna gani.

Na barafu ina namna zake. Mtu asiyeijua hudhani inakonda taratibu kutoka juu hadi iishe. Sivyo. Theluji iliyolifunika ziwa ikishayeyuka, mwanga wa jua hupenya ndani ya barafu na kuilegeza kwenye maungio ya chembechembe zake. Siku za mwisho, barafu yenye unene wa nusu mita inaweza kuwa imegeuka vijiti virefu vilivyosimama wima, vimebanana bega kwa bega lakini havishikani. Ukiipima kwa rula ni nene, ukiikanyaga unazama. Wazee wa huko huangalia rangi: ikiwa nyeupe na ngumu kuna matumaini, ikigeuka kijivu, ogopa, ikiwa nyeusi imelowa maji, muda wake umekwisha. Ndiyo maana watu wazoefu huacha kuendesha gari ziwani mapema, na wanaozama mara nyingi ni wale walioona jana jirani amepita salama.

Jua huichosha, lakini upepo ndio unaoimaliza. Barafu iliyolegea inaweza kukaa wiki nzima imetulia, kisha ukaja usiku mmoja wa upepo mkali, asubuhi watu wakaamka wakakuta mawimbi. Vile vijiti vikisukumwa ufukweni vinagongana na kutoa mlio mwembamba kama wa vikombe kwenye sinia linalobebwa na mtu mwenye haraka. Basi watoto wanashangilia, mabaharia wanapaka rangi boti zao, kivuko kinatangaza ratiba. Halafu upepo unageuka, unalirudisha pande lote la barafu kutoka katikati ya ziwa na kulibana tena bandarini, na ratiba inafutwa. Mambo haya yanaweza kurudiwa. Katika mwaka 2014, baada ya baridi kali ambayo ilifunika zaidi ya asilimia 90 ya Maziwa Makuu yote, vipande vya barafu vilionekana vikielea Superior hata mwezi wa Juni ulipoingia.

Chini ya uso wa maji kuna kazi nyingine inaendelea ambayo haionekani. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzijoto 4. Wakati wa baridi maji ya juu ni baridi zaidi ya hapo, kwa hiyo ni mepesi, yanakaa juu na kuganda. Barafu ikiondoka na jua likaanza kuyapasha, yanapanda kuelekea hizo nyuzi 4, yanakuwa mazito, yanashuka. Upepo unayakoroga, na hewa safi inapelekwa hadi vilindini. Kama ziwa lingefunikwa mwaka mzima, samaki wa chini wangekosa pumzi. Kwa hiyo ziwa likifunguka linapumua, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Ndege nao hungoja ruhusa hiyo hiyo. Kuna ndege mzamiaji, mweusi kwa mweupe, macho mekundu, anayeitwa loon, ambaye sauti yake usiku inasimamisha nywele. Mara inalia, mara inacheka. Mifupa yake ni mizito kuliko ya ndege wengi, inamfaa kupiga mbizi, lakini kwa sababu hiyo hawezi kuruka bila kukimbia kwanza juu ya maji mengi yaliyo wazi. Akitua kwenye kidimbwi kidogo kilichozungukwa na barafu, amejifunga mwenyewe. Basi hukaa kusini kwenye maji yaliyofunguka, na hurejea mara ziwa likifunguka, wakati mwingine siku ile ile.

Lakini kabla ya barafu kuondoka, kabla ya loon, kuna mavuno. Ndiyo, mavuno, katikati ya theluji. Kuna mti uitwao mepo. Mwezi Machi unapokwenda kwisha na Aprili kuingia, usiku baridi inakuwa chini ya kuganda, mchana inapanda juu yake, na hiyo panda shuka ndiyo inayousukuma utomvu. Watu huutoboa mti tundu dogo, huchomeka mfereji mwembamba, na kutundika chombo. Kwa lugha yetu huku ni kugema, ingawa mgema wa huko hapandi mti, na anachopata hakileweshi. Maji yenyewe ni meupe, yana utamu wa mbali tu. Lazima yachemshwe juu ya kuni kwa saa nyingi, mvuke unapaa, moshi unaingia machoni, hadi lita 40 hivi zinabaki lita 1 ya shira. Ukiendelea kuchemsha na kukoroga unapata sukari ngumu, rangi yake kama sukari guru. Usiku usipoganda tena, au mti ukianza kuchipua majani, ladha inaharibika na msimu umefungwa. Unaweza kudumu wiki sita, unaweza kudumu wiki mbili. Hapo mgema hasifiwi wala hatii maji. Hali ya hewa ndiyo inayoamua.

Tangu zamani kazi hii ilifanywa na wenyeji asilia wa eneo lile, Waojibwe, waliokuwa wakihamia na familia zao porini kwenye miti ya mepo kila mwisho wa baridi, wakikusanya utomvu kwa vyombo vya magome ya miti. Kwao huo ndio ulikuwa mwanzo wa mwaka wa chakula: sukari kwanza, kisha samaki, baadaye matunda ya porini, na mwisho wa kiangazi mpunga wa mwituni unaoota kwenye vinamasi, kama vile vya mto Kakagon katika ardhi ya Bad River. Wapo hadi leo. Kilomita chache tu kaskazini ya Bayfield ni ardhi ya Waojibwe wa Red Cliff, na kusini mashariki ni hao wa Bad River. Kisiwa cha Madeline ni mahali patakatifu kwao. Na kwamba wapo hadi leo ni habari ya machipuko pia, tena ya mwaka maalumu.

Mwaka 1850 serikali ya Marekani iliamua kuwahamisha Waojibwe kutoka Wisconsin na kuwapeleka magharibi. Njia iliyotumika ilikuwa ya hila. Kila mwaka walikuwa wakilipwa fedha na bidhaa pale La Pointe, kama fidia ya ardhi waliyoitoa kwa mikataba ya 1837 na 1842. Mwaka ule waliambiwa malipo yangetolewa mbali, Sandy Lake, huko Minnesota, mwishoni mwa mwaka. Walipofika, malipo hayakuwapo. Wakasubiri kwa wiki nyingi, chakula kibovu, maradhi, baridi inazidi. Lengo lilikuwa wakwame kule barafu ikishafunga njia za maji. Watu wapatao 400 walikufa, wengine pale kambini, wengine wakirudi nyumbani kwa miguu katika theluji.

Chifu wa La Pointe aliitwa Kechewaishke, na Wamarekani walimwita Chief Buffalo. Mwaka 1852 alikuwa na zaidi ya miaka 90. Mwezi Aprili, mwanzoni kabisa mwa msimu wa kusafiri, alipanda mtumbwi wa magome pamoja na wenzake wachache na mkalimani, wakaanza safari kwenda Washington. Njiani maofisa walijaribu kuwarudisha. Hawakurudi. Alionana na Rais Millard Fillmore, akaeleza shauri lake, na amri ya kuwahamisha ikafutwa. Tarehe 30 Septemba 1854, pale pale La Pointe, ukatiwa saini mkataba uliowapa Waojibwe maeneo yao ya kudumu nyumbani kwao, yakiwamo Red Cliff na Bad River. Mzee alifariki mwaka uliofuata, 1855, akazikwa kisiwani. Nasema hivi: kila familia inayochemsha utomvu Red Cliff leo ina deni kwa mzee aliyetoka mwezi Aprili, wakati ambao vijana wengi wangeona bora kuota moto.

Mikataba ile ilikuwa na kifungu kingine kilichokuja kuleta moto karne moja na zaidi baadaye. Waojibwe walitoa ardhi, lakini walijiwekea haki ya kuendelea kuwinda, kuvua na kukusanya chakula humo. Jimbo la Wisconsin lilisahau, au lilijisahaulisha. Mwaka 1974 ndugu wawili wa jamii ya Lac Courte Oreilles walikamatwa kwa kuvua samaki nje ya mpaka wa ardhi yao. Kesi ikapanda ngazi hadi mwaka 1983, mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema haki ile ipo na haijawahi kufutwa.

Uvuvi wenyewe ni wa machipuko. Barafu ikitoka tu kwenye maziwa madogo ya bara, samaki aitwaye walleye, ambaye Waojibwe humwita ogaa, husogea kwenye maji mafupi yenye changarawe kutaga mayai. Macho yake yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga. Mvuvi anatoka usiku kwa boti, taa kichwani, mkononi mkuki mrefu wenye meno kadhaa, na macho ya samaki yanang'aa chini ya maji. Wavuvi wetu wa karabai wataelewa mara moja, ila huku taa humwita dagaa, kule taa humfichua ogaa.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi 1991, machipuko kaskazini mwa Wisconsin yalikuwa msimu wa ghasia. Kila Aprili, umati wa watu weupe ulijaa kwenye sehemu za kushushia boti, wakizomea, wakirusha mawe, wakipaza matusi ya ubaguzi ambayo sitayarudia redioni. Walidai wenyeji watawamaliza samaki na kuua utalii. Mwaka 1991 uchunguzi wa pamoja wa serikali na makabila ulionyesha kuwa akiba ya samaki haikudhurika, na mahakama ikafunga shauri. Tena ukitazama utaratibu wenyewe, ni aibu kwa waliozomea: kila ziwa lina kiwango chake kilichokokotolewa kitaalamu, na samaki waliochomwa huhesabiwa usiku ule ule boti zinaporudi ufukweni. Wavuvi wangapi wa starehe wanahesabiwa samaki wao mmoja mmoja? Maoni yangu ni kwamba ugomvi ule haukuhusu samaki. Ulihusu nani ana haki ya kuwa wa kwanza ziwani baada ya baridi.

Na ukitaka samaki wa kila mtu, asiyehitaji mkataba wala hakimu, yupo. Anaitwa smelt, mdogo, mwembamba, wa kung'aa, kaka yake dagaa kwa umbo ingawa si kwa ukoo. Mwishoni mwa Aprili usiku hukimbilia midomo ya mito kutaga, na watu huingia majini na nyavu za mkono, wengine wanakokota, meno yanagongana kwa baridi, ndoo zinajaa. Wanamkaanga mzima mzima na unga. Miaka ya 1960 na 1970 walikuwa wengi mno. Siku hizi wamepungua sana. Naye si mwenyeji. Alipandikizwa Michigan mwaka 1912, akatoroka, akasambaa. Sisi tuliopandikiziwa sangara Ziwa Victoria miaka ya 1950 tunaijua hadithi hiyo, na hasara zake na mboga zake.

Kuhusu nchi kavu nitapita haraka, maana hakuna anayeisifu. Ni tope. Ardhi iliyoganda kwa kina huyeyuka kuanzia juu, maji yanakosa pa kwenda, barabara zinavimba na kupasuka, na malori mazito yanapunguziwa mzigo kwa amri mpaka njia zikauke. Ukitembelea Bayfield, epuka Aprili.

Isipokuwa kama wewe ni mkulima wa matunda, maana hapo ubaridi wa ziwa unageuka neema. Vilima vya nyuma ya mji vimejaa mashamba ya tufaha, cheri na matunda madogo madogo. Bara, kilomita nyingi kutoka ziwani, joto la ghafla la Aprili huiamsha miti, inachanua, kisha usiku wa baridi unakuja na kuyaua maua yote, na mwaka huo hakuna tufaha. Bayfield ziwa linaizuia miti isidanganyike. Upepo unaotoka kwenye maji yenye nyuzi 3 au 4 unaweka vilima baridi hadi hatari imepita. Wengine wanalaani upepo huo huku wanaula.

Nimeyasema haya yote kana kwamba ndivyo yalivyo kila mwaka. Hapa ndipo penye shida yangu ya leo, na ndiyo iliyonifanya nichague mada hii.

Kulikuwa na mwanafunzi wa sekondari ya Bayfield aliyefanya kazi ambayo wataalamu wengi hawakuifikiria. Alitafuta kumbukumbu za usafiri kati ya mji na kisiwa: boti ya mwisho ilivuka lini kabla ya barafu, boti ya kwanza ilivuka lini baada yake. Kumbukumbu hizo zilipatikana kuanzia mwaka 1857, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na nahodha, au gazeti, au mtu wa gatini aliyeiona siku hiyo kuwa na maana, akaiandika. Kijana akazipanga. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la kisayansi la utafiti wa Maziwa Makuu: kwa miaka 150, msimu wa barafu pale umekuwa ukipungua kwa takriban siku 3 kila mwongo. Jumla yake ni mwezi mmoja na nusu.

Mwezi mmoja na nusu wa barabara umepotea. Katika baridi ya 1997 na 1998 kivuko kilifanya kazi bila kusimama, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika kumbukumbu hizo. Februari 2024, barafu katika Maziwa Makuu yote ilikuwa haba kuliko ilivyowahi kupimwa kwa wakati ule wa mwaka tangu vipimo vya kila mwaka vilipoanza 1973.

Mtu wa pwani anaweza kusema: si afadhali? Baridi imepungua, kivuko kinatembea, shida iko wapi? Nilidhani swali hilo lina jibu rahisi, lakini watu wa kule wenyewe wanagawanyika. Kivuko kikitembea mwaka mzima, mtoto hakosi shule. Lakini barabara ya barafu ilikuwa bure, na kivuko kina nauli, kwa gari na kwa kila kichwa. Mvuvi wa barafuni anakosa msimu. Mwenye miti ya mepo anaona utomvu unaanza Februari, halafu joto linaurukia na kuuharibu. Samaki weupe wa ziwa wanaotaga mwanzoni mwa baridi huacha mayai yao kwenye miamba ya maji mafupi, na barafu ndiyo iliyokuwa ikiyakinga na mawimbi ya dhoruba. Na kubwa kuliko yote, ule wakati wa katikati, wa barafu isiyobeba gari na isiyopitisha boti, hauishi. Baridi kamili ilikuwa na mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Baridi legelege inaganda na kuachia, inaganda na kuachia, na kila mara watu wanaanza upya kukisia. Hatari iko hapo. Ziwa lililo wazi linajulikana na ziwa lililoganda linajulikana. Lile ambalo halijaamua ndilo linalozamisha.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema machipuko yamewahi huko kaskazini, tufurahi nao. Machipuko hayajawahi, baridi ndiyo imekosa kufika. Sherehe ya kufunguka kwa ziwa haina maana kwa ziwa ambalo halikufungwa.

Nina neno kwa wasikilizaji wangu wa kando ya Victoria, Tanganyika, Nyasa na Turkana. Kina cha Ziwa Victoria kimepimwa tangu mwaka 1896, na ni kwa kipimo hicho tuliweza kusema kwa uhakika kwamba maji ya mwaka 2020 hayakuwa ya kawaida. Vizuri. Lakini kipimo hicho hakiwezi kutuambia masika yalianza tarehe ngapi Musoma, dagaa walipungua mwezi gani Ukerewe, magugu maji yalifunga gati la Homa Bay kwa wiki ngapi, au ni siku zipi boti zilishindwa kutoka Kigoma kwa sababu ya upepo. Hayo yanajulikana kwa watu, yanasimuliwa, na kila mzee akizikwa yanazikwa naye. Kule Bayfield yaliokolewa na watu wa kawaida waliokuwa na kalamu, miaka mia na hamsini kabla ya kijana mmoja kuyahitaji.

Kwa hiyo nahodha, mwenye boti, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi wa ufukweni, mwalimu wa jiografia: nunueni daftari. Lisiwe la biashara wala la michango, liwe la ziwa tu. Andikeni siku ya mvua ya kwanza, siku maji yalipofika kwenye jiwe mnalolijua, siku samaki walipokuja na siku walipopotea. Anzeni na tarehe, mwaka msiusahau, na mkimaliza daftari mkabidhini mtu mdogo kuliko ninyi.